Dalili za mwanzo za ujauzito na siku sahihi ya kupima

MWANAMKE anapoona tarehe zake zimepita bila hedhi, swali la kwanza huwa ni moja: apime leo au asubiri kidogo? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kipimo kilichofanywa mapema mno huweza kuonyesha kuwa hakuna mimba wakati ipo, na mhusika akaendelea kwa wiki kadhaa kunywa dawa au pombe akiamini kuwa hana wa kumdhuru.

Wengi, hata hivyo, hawaanzi na kipimo. Huanza kwa kuusikiliza mwili: kichefuchefu cha asubuhi, matiti yanayouma, usingizi usioisha. Dalili hizo ni za kweli, lakini karibu kila moja ina sababu nyingine inayoweza kuileta. Malaria huleta kichefuchefu na uchovu. Maambukizi katika njia ya mkojo humfanya mtu aende haja ndogo kila mara. Hedhi inayokaribia huuma matiti kama inavyouma mimba changa. Ndiyo maana wataalamu wa uzazi huzitazama dalili kama sababu ya kupima, na hawazichukui kuwa jibu.

Ili kuelewa kwa nini siku ya kupima ni muhimu kiasi hicho, inafaa kutazama kinachotokea ndani ya mwili kabla mwanamke hajahisi lolote.

Yai la mwanamke hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na likishatoka huishi kwa muda usiozidi saa 24. Mbegu za kiume, kwa upande wake, zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Kwa hiyo siku za kushika mimba katika kila mzunguko ni kama sita: tano zinazotangulia kupevuka kwa yai, na siku yenyewe.

Yai likirutubishwa katika mrija wa uzazi, husafiri taratibu hadi katika mfuko wa uzazi na kujipachika kwenye ukuta wake. Hatua hiyo hutokea kati ya siku ya sita na ya 12 baada ya yai kupevuka, na kwa wanawake wengi huwa ni siku ya nane hadi ya 10. Hapo ndipo chembe zitakazounda kondo la nyuma zinapoanza kumwaga katika damu ya mama homoni iitwayo hCG, ambayo baadaye huonekana pia katika mkojo.

Kabla ya hatua hiyo hakuna kipimo cha mkojo wala cha damu kinachoweza kuitambua mimba, hata kiwe cha bei gani. Baada yake, kiwango cha homoni huongezeka kwa kasi, takriban maradufu kila baada ya siku mbili hadi tatu, kikafikia kilele kati ya wiki ya nane na ya 11, kisha kikaanza kushuka. Mwanamke aliyepima Jumatatu akaona mstari mmoja anaweza kupima Jumamosi akaona miwili, na vipimo vyote viwili vikawa vimefanya kazi yake sawasawa.

Hesabu ya wiki nayo inahitaji maelezo, kwani imezua ugomvi katika nyumba nyingi. Wauguzi na madaktari huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kama wiki mbili kabla mimba yenyewe haijatungwa. Mume aliyerejea safarini wiki sita zilizopita anaweza kuambiwa kuwa mkewe ana mimba ya wiki nane, akaanza kuhesabu vidole kwa hasira. Hakuna aliyekosea: mimba ya wiki nane kwa hesabu ya kliniki ni mimba iliyotungwa wiki sita zilizopita.

DALILI NA VINAVYOFANANA NAZO

Dalili yenye uzito kuliko zote ni kukosa hedhi, hasa kwa mwanamke ambaye mzunguko wake haubadiliki. Hedhi iliyochelewa kwa wiki moja kwa mtu wa namna hiyo, akiwa ameshiriki tendo la ndoa bila kinga, inatosha kumpeleka dukani kununua kipimo siku hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba si wanawake wote wenye kalenda ya namna hiyo. Wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango au vipandikizi wanaweza kukaa miezi mingi bila kuona damu, na wakiacha sindano mzunguko huweza kuchelewa kurejea kwa miezi kadhaa. Anayenyonyesha anaweza kushika mimba nyingine bila kuona hedhi hata mara moja tangu ajifungue, kwa sababu yai la kwanza hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kutokea. Mwenye miaka 45 anaweza kuichukulia mimba kuwa ni ukomo wa hedhi. Msongo wa mawazo, kupungua uzito ghafla, kusafiri na matatizo ya tezi la shingo pia huweza kusogeza tarehe.

Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vinavyojulikana sana mijini kwa jina la P2, ni chanzo kingine cha mkanganyiko. Vidonge hivyo huchelewesha kupevuka kwa yai, na kwa hiyo huweza kuifanya hedhi iwahi au ichelewe kwa siku kadhaa. Haviwezi kuitoa mimba iliyokwisha kutungwa, na haviziti kila mara. Mwanamke aliyevitumia na hedhi yake ikachelewa zaidi ya wiki moja anapaswa kupima.

Kuna pia damu inayodanganya. Baadhi ya wanawake hutokwa na matone machache ya rangi ya waridi au kahawia karibu na siku ambazo hedhi ingetarajiwa, wakadhani ndiyo hedhi yenyewe. Takriban mwanamke mmoja kati ya wanne hutokwa na damu kidogo wakati fulani katika miezi mitatu ya kwanza, na wengi wao mimba huendelea vizuri. Hedhi iliyokuja nyepesi kuliko kawaida na kumalizika kwa siku moja haipaswi kuhesabiwa kuwa hedhi mpaka kipimo kithibitishe.

Matiti huanza mapema kuliko dalili nyingine nyingi. Hujaa, huwa mazito, na chuchu huuma hata zikiguswa na nguo. Baadaye kidogo duara linalozunguka chuchu huwa jeusi zaidi na vipele vidogo hujitokeza. Maumivu ya kabla ya hedhi hufanana na haya, isipokuwa kwamba hedhi ikifika hupungua, na kwa mjamzito huendelea.

Kichefuchefu ndicho kilichojengewa sifa katika filamu na tamthilia, ambako msichana hukimbilia msalani na mama mkwe akaelewa yote papo hapo. Katika maisha halisi huanza karibu na wiki ya sita, yaani wiki mbili baada ya hedhi kukosekana. Huwapata zaidi ya nusu ya wajawazito, na jina lake la homa ya asubuhi linapotosha kwa sababu huja wakati wowote, mchana au usiku wa manane. Wapo wasiokipata kabisa, na kutokipata hakumaanishi kuwa mimba ina kasoro.

Pamoja nacho huja kuchukia harufu. Vitunguu vinavyokaangwa, samaki, manukato ya mume, moshi wa daladala, vyote huweza kumchefua mtu aliyekuwa havijali wiki moja kabla. Katika mitaa mingi husemwa kuwa mimba imemkataa mume. Wengine hutamani vitu vichachu kama ukwaju na maembe mabichi, na wengine udongo, ambao katika masoko mengi ya Tanzania huuzwa kwa vipande kwa jina la pemba. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini yenye sumu kama risasi. Anayeutafuna kila siku anahitaji kupimwa wingi wa damu, awe mjamzito au asiwe.

Uchovu wa wiki za mwanzo nao ni wa aina yake. Homoni ya projesteroni hupanda na kuleta usingizi mzito, kiasi kwamba mtu hulala ofisini baada ya chakula cha mchana au kupitiliza kituo akiwa ndani ya basi. Haja ndogo huongezeka kwa sababu damu inayopita kwenye figo huongezeka. Mkojo wa mara kwa mara ukiwa na maumivu, kuungua au homa, hiyo ni dalili ya maambukizi, nayo ni hatari zaidi kwa mjamzito kuliko kwa mwingine.

Jambo moja lisipuuzwe kwa wakazi wa maeneo yenye malaria. Mwanamke mwenye uchovu, kichwa kuuma na kichefuchefu huenda moja kwa moja duka la dawa na kununua dawa ya malaria bila kipimo chochote. Akiwa na mimba changa, anatibiwa ugonjwa ambao huenda hana. Akiwa na vyote viwili, mimba na malaria, anahitaji tiba iliyochaguliwa kwa kuzingatia mimba. Mwezi Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza dawa mseto ya ALu itumike pia katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito kwa malaria isiyo kali, lakini dawa ya SP ya kukinga malaria haitolewi katika kipindi hicho. Anayehisi homa na hedhi imechelewa anastahili vipimo viwili, cha malaria na cha mimba, kabla ya kumeza chochote.

CHUMVI, SUKARI NA DAWA YA MENO

Kwa kuwa kipimo cha dukani humaanisha kuonekana na muuzaji, na pengine na jirani aliyesimama nyuma kwenye foleni, njia za jikoni zimeendelea kupendwa. Mkojo huchanganywa na chumvi, sukari, sabuni au dawa ya meno, kisha mtu hutazama kama kutakuwa na povu au mabonge.

Hakuna hata moja kati ya vitu hivyo inayoitambua hCG. Dawa nyingi za meno zina unga wa chokaa, na mkojo wenye asidi ukikutana nao hutoa povu, uwe mkojo wa mjamzito, wa bikizee au wa mwanamume. Chumvi na sukari huyeyuka haraka au polepole kwa kutegemea joto la mkojo na kiasi kilichomiminwa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ina hatari ya ziada, kwani ikichanganywa na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kubana kifua. Majibu ya njia hizi ni sawa na kurusha sarafu hewani, na gharama yake hulipwa baadaye.

Hamu ya kutafuta jibu katika mkojo ni ya kale. Wamisri wa zamani walikuwa wakimtaka mwanamke akojolee mbegu za ngano na shayiri kila siku, na zikiota husema ana mimba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 madaktari wa Ujerumani, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, waliuchoma mkojo kwa sindano katika panya jike wachanga, kisha wakawapasua kuangalia mayai yao. Baadaye walitumiwa sungura, na baada yao vyura wenye kucha kutoka kusini mwa Afrika, ambao walikuwa na faida moja kubwa: hutaga mayai ndani ya saa chache wakidungwa mkojo wa mjamzito, na hawalazimiki kufa. Vyura hao walisafirishwa kwa maelfu hadi hospitali za Ulaya na Marekani.

Kipimo cha nyumbani kilikuja polepole. Mwaka 1967 mbunifu wa michoro Margaret Crane, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey, aliona mirija ya kupimia mkojo maabara na kuwaza kuwa mwanamke anaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Wakubwa wake hawakulipenda wazo hilo. Wamarekani walianza kukiona kipimo cha nyumbani madukani mwishoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya miaka kumi baadaye.

KIPIMO CHA MKOJO KINAVYOTUMIKA

Kipimo kinachouzwa leo katika maduka ya dawa, ambacho wauzaji wengi hukiita UPT, ni kipande chembamba chenye kemikali zinazoishika hCG. Aina nyingi hutambua homoni hiyo ikifika kiwango cha yuniti 25 katika lita moja ya mkojo, na baadhi hutambua kiwango cha chini zaidi. Kile cha bei nafuu kabisa na kile cha boksi la rangi hufanya kazi kwa kanuni ile ile.

Siku ya kwanza ya hedhi iliyokosekana ndiyo siku ya mapema zaidi inayofaa kupima kwa mwenye mzunguko usiobadilika. Akisubiri wiki moja zaidi, jibu huwa la kuaminika sana. Asiyejua tarehe zake, au ambaye hedhi yake huja ovyo, ahesabu siku 21 tangu alipofanya tendo la ndoa bila kinga kwa mara ya mwisho, kisha apime. Kupima siku tatu au nne baada ya tendo, jambo linalofanywa na wasichana wengi kwa hofu, hakusaidii lolote, kwani wakati huo yai lililorutubishwa bado halijafika kwenye mfuko wa uzazi.

Katika siku za mwanzo mkojo wa asubuhi, ule wa kwanza baada ya kuamka, ndio bora kwa sababu homoni huwa imekusanyika usiku kucha. Kunywa maji mengi ili kupata mkojo haraka huupunguza nguvu. Baada ya wiki mbili au tatu saa ya kupima haina tofauti kubwa.

Tarehe ya mwisho wa matumizi iangaliwe, na vivyo hivyo mahali kipimo kilipokaa. Vingi huelekezwa kuhifadhiwa katika joto lisilozidi nyuzi 30 za Selsiasi, na duka la bati lisilo na feni Dar es Salaam mwezi Februari huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Pakiti iliyotoboka isinunuliwe. Kipande kitumbukizwe hadi alama iliyochorwa tu, kisha kilazwe mahali pakavu na kusomwa kwa muda ulioandikwa, ambao kwa kawaida ni dakika tatu hadi tano.

Mstari mmoja wa uthibitisho humaanisha kuwa kipimo kimefanya kazi na homoni haijaonekana. Miwili humaanisha mimba, hata kama wa pili umefifia, kwa kuwa ufifu huo kwa kawaida huonyesha kuwa homoni bado ni kidogo. Mstari wa uthibitisho usipotokea, kipimo kimeharibika na hakina jibu. Kilichookotwa kwenye kapu la taka baada ya saa nzima na kukutwa na kivuli cha mstari wa pili hakina thamani, kwani mkojo ukikauka huweza kuacha alama.

Jibu la kwamba hakuna mimba, hedhi ikiwa bado haijaja, lirudiwe baada ya wiki moja. Likibaki hivyo hivyo na hedhi ikaendelea kukosekana, hapo daktari atafute sababu nyingine. Jibu la kwamba ipo ni nadra kuwa la uongo. Huweza kutokea kwa aliyechomwa sindano za hCG katika matibabu ya ugumba, kwa aliyejifungua au kuharibikiwa mimba wiki chache zilizopita na homoni haijaisha mwilini, au kwa mwenye mimba zabibu, ambayo chembe za kondo hukua vibaya bila mtoto. Dawa za kawaida za maumivu, viuavijasumu na vidonge vya uzazi wa mpango havibadilishi majibu.

Kipimo cha damu huona kiasi kidogo zaidi cha homoni na kinaweza kutoa jibu siku chache kabla ya kile cha mkojo. Faida yake kubwa ni kupimwa mara mbili kwa tofauti ya saa 48, ili daktari aone kama homoni inapanda inavyotakiwa. Kipimo cha ultrasound, kwa upande mwingine, hakina haraka: mapigo ya moyo huanza kuonekana karibu na wiki ya sita, na anayekwenda kabla ya hapo huweza kurudi nyumbani na hofu isiyo na msingi kwa kuambiwa kuwa hakuna kilichoonekana.

MISTARI MIWILI NA MAUMIVU YA UPANDE MMOJA

Kipimo cha mkojo husema kuwa mimba ipo. Hakisemi ipo wapi. Katika kila mimba 100, moja au mbili hutunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi katika mrija, ambao haukuumbwa kutanuka. Mrija ukipasuka, damu humwagika tumboni na mwanamke anaweza kufariki ndani ya saa chache.

Dalili zake hujitokeza zaidi kati ya wiki ya nne na ya 12: maumivu ya chini ya tumbo, mara nyingi ya upande mmoja, kutokwa na damu ukeni, kizunguzungu au kuzimia, na maumivu ya ajabu kwenye ncha ya bega yanayotokana na damu kugusa misuli ya chini ya mapafu. Waliowahi kupata maambukizi ya nyonga yaliyotokana na kisonono au klamidia, waliofanyiwa upasuaji wa mirija, wavutaji sigara, waliowahi kupata mimba ya aina hiyo na walioshika mimba wakiwa na kitanzi wako katika hatari zaidi. Mwenye dalili hizi aende hospitali yenye uwezo wa upasuaji muda huo huo, bila kungoja asubuhi. Dawa za kutuliza maumivu nyumbani hapa huficha tu kinachoendelea.

Kutapika nako kuna mpaka wake. Asiyeweza kubakiza hata maji tumboni kwa siku nzima, anayekojoa kidogo mkojo wa rangi ya chai, au anayepungua uzito haraka anahitaji kuongezewa maji hospitali.

KINACHOFUATA BAADA YA JIBU

Umuhimu wa kujua mapema unaonekana zaidi katika jambo ambalo mama halioni. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, yaani wiki mbili tu baada ya hedhi kukosekana. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao hupata pia tatizo la kichwa kujaa maji. Wazazi waliokaa katika wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) wanajua safari hiyo ilivyo ndefu. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, hupunguza sana uwezekano huo, lakini inafanya kazi hiyo ikiwa imeanza kutumiwa kabla ya mimba au katika siku zake za mwanzo kabisa. Anayepanga kupata mtoto aianze kabla hata ya kupima.

Dawa zinazotumika kwa maradhi ya kudumu zinahitaji kuangaliwa upya na daktari mara jibu linapopatikana. Valproeti ya kifafa, wafarini ya kuzuia damu kuganda, isotretinoini ya chunusi sugu na baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinaweza kumdhuru mtoto. Kuziacha ghafla bila ushauri, hasa za kifafa, nako kunaweza kumuua mama. Pombe na sigara havina kiwango salama kilichothibitishwa.

Mwaka 2016 WHO lilibadilisha mwongozo wake na kupendekeza mjamzito akutane na wahudumu wa afya mara nane badala ya nne za awali, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12. Nchini Tanzania desturi imekuwa tofauti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa karibu mwanamke mmoja tu kati ya wanne alifika kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Wengi huona si vyema kuitangaza mimba kabla haijaonekana, wakihofia husuda au aibu ikiharibika. Hofu ya kuharibika ina msingi, kwani kati ya mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 20 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 12 na kwa kasoro za vinasaba ambazo mama hakuzisababisha. Lakini siri hiyo inaweza kutunzwa kwa ndugu na majirani bila kumficha mkunga.

Kliniki ya mapema hupima wingi wa damu, kundi la damu, shinikizo la damu, mkojo, kaswende, homa ya ini B na VVU. Mama mwenye VVU asiyepata tiba anaweza kumwambukiza mtoto kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45. Anayetumia dawa vizuri uwezekano huo hushuka chini ya asilimia tano. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini, na isipotibiwa mtoto anaweza kufia tumboni.

Kwa wasichana walio shuleni, kuchelewa kupima kumekuwa na sababu ya ziada. Kwa miaka mingi nchini Tanzania mstari wa pili ulimaanisha kufukuzwa, na mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka kuwa wanaopata mimba hawatarudi katika shule za Serikali. Mwezi Novemba 2021 Serikali iliondoa zuio hilo na kuruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito warejee baada ya kujifungua. Msichana wa umri huo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na upungufu wa damu, na kila mwezi anaojifunga khanga tumboni kuficha hali yake ni mwezi bila vipimo.

Swali la kwanza atakaloulizwa mwanamke yeyote kliniki ni tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Aliyeiandika kwenye kalenda anaweza kukadiria mwenyewe siku ya kujifungua: huongeza siku saba na kurudi nyuma miezi mitatu, hivyo hedhi iliyoanza Machi 10 hutoa Desemba 17. Ni takriban wanawake watano tu kati ya 100 wanaojifungua siku hiyo hasa. Wengi hujifungua ndani ya wiki mbili kabla au baada yake.